Génova si Italia: miaka yangu ya kuwaeleza Waingereza habari za Uhispania

Mzee mmoja Mwingereza, fundi bomba mstaafu, alisubiri wenzake wamalize kahawa ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hivi hawa Waitaliano wanatafuta nini kwenye siasa za Uhispania?" Sikumwelewa. Akatoa mfukoni karatasi niliyoiandika mwenyewe, muhtasari wa habari za wiki, akaweka kidole kwenye mstari: Génova yakataa mazungumzo na Ferraz.

Kwa Mhispania mstari huo hauna fumbo. Génova ni mtaa wa Madrid, na nyumba namba 13 ndiyo makao makuu ya chama cha Partido Popular, PP. Ferraz ni mtaa mwingine, yalipo makao ya wasoshalisti wa PSOE. Ni kama Mtanzania aliposema Lumumba wamewajibu Ufipa, akimaanisha CCM na Chadema kwa mitaa ya ofisi zao. Hakuna aliyedhani Patrice Lumumba amefufuka. Lakini mzee wangu alijua Génova moja tu, ile bandari ya Italia, na wiki nzima alikuwa akiwaeleza majirani kwamba Italia imesusa. Nilicheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikakata, maana karatasi ile tuliitoa nakala arobaini.

Naandika haya kwa ajili ya Mswahili yeyote anayepata riziki kwa kuchukua habari za lugha moja na kuzipeleka nyingine, hasa pale ambapo lugha zote mbili si za mama yake. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote, pamoja na lile lililowagharimu watu fedha.

Mimi ni wa Tanga. Nilifika Alicante mwaka 2021 kusoma shahada ya uzamili ya tafsiri. Pwani ile, kuanzia Dénia kushuka hadi Torrevieja, imejaa wastaafu wa Kiingereza. Wengine wamekaa miaka ishirini na Kihispania chao kinaishia kwenye kuagiza bia. Siwacheki, nina shangazi aliyeolewa Muscat miaka thelathini iliyopita na Kiarabu chake mpaka leo ni cha sokoni. Watu hawa wana nyumba huko, wanalipa kodi huko, wanaugulia huko, na tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya kila badiliko dogo linawafika mwilini. Kuanzia Mei 2022, kwa mfano, mkazi wa Uhispania mwenye leseni ya udereva ya Uingereza hakuruhusiwa tena kuendesha nayo, hadi nchi hizo mbili zilipoafikiana Machi 2023. Miezi kumi na ushee mtu wa miaka sabini na tano anaomba lifti kwenda hospitali. Mtu huyo hana haja na uchambuzi wa siasa. Anataka kujua ni lini atarudi kwenye usukani.

Kituo kidogo cha redio ya Kiingereza, vyumba viwili juu ya duka la rangi, kilinichukua niwaandikie muhtasari mara tatu kwa wiki, na Alhamisi tukutane na wasikilizaji mkahawani waulize maswali. Malipo yalikuwa euro 15 kwa muhtasari. Nipige hesabu hadharani kwa sababu mimi hakuna aliyenipigia. Kwa mwezi, euro 180. Toa mchango wa hifadhi ya jamii wa mtu aliyejiajiri, ambao kwa punguzo la mwaka wa kwanza ni euro 80 na ushee. Toa euro 40 za wakala wa makaratasi, gestor wanavyomwita wenyewe, ambaye usipomlipa utamlipa ofisa wa kodi. Kinachobaki hakifiki 60. Jumamosi nilikuwa nikisafisha nyumba za watalii kati ya anayetoka na anayeingia, na ndizo zilizonilisha. Ukipata kazi ya namna hii, swali la kwanza liwe watakulipa baada ya siku ngapi. Mimi niliona haya kuuliza, na ankara yangu ya kwanza ililipwa mwezi wa tatu.

Kosa langu la mwaka 2023 lilikuwa neno moja tu: ameshinda.

Usiku wa tarehe 23 Julai, siku ya uchaguzi mkuu, nilikesha studio. Vituo vya kura vilifungwa saa 2 usiku, Visiwa vya Kanari saa moja baadaye kwa kuwa saa zao ziko nyuma. Ilipokaribia saa 6 ilikuwa wazi kwamba PP ya Alberto Núñez Feijóo ina viti 136 na PSOE ya Pedro Sánchez, waziri mkuu aliyekuwa madarakani, ina 122. Nikaandika: Feijóo ameshinda uchaguzi. Si uongo, na magazeti ya Madrid mengi yaliandika vivyo hivyo. Ila Mwingereza akisikia mtu ameshinda uchaguzi, anachokiona akilini ni gari la kuhamisha vyombo limeegeshwa Downing Street, nyumbani kwa waziri mkuu wao, kesho yake asubuhi. Bibi mmoja aliwekeana dau la chupa ya brandi na jirani yake Mhispania kwamba Sánchez amekwenda zake. Novemba alilipa, akaniletea risiti.

Bunge la Uhispania lina viti 350. Mkuu wa serikali anapatikana kwa kura ya wabunge, na wingi kamili ni 176. Siku chache baada ya uchaguzi zilihesabiwa kura za Wahispania waishio nje, kiti kimoja cha Madrid kikahama, PP ikawa na 137 na PSOE 121. Karatasi yangu ya Julai ikawa haifai hata kwa idadi ya viti. Mwishoni mwa Septemba Feijóo aliomba ridhaa ya bunge akapata kura 172. Tarehe 16 Novemba Sánchez alipata 179, baada ya kuelewana na vyama vidogo, kikiwemo Junts cha Wakatalani chenye wabunge 7, na bei ya kuelewana huko ilikuwa sheria ya msamaha kwa waliohusika na harakati za kuitenga Catalonia. Miezi yote ile ya katikati aliyeshindwa ndiye aliyekuwa ofisini, akiongoza serikali ya kushikilia tu. Sasa neno ameshinda silitumii. Nasema amepata viti vingi kuliko wengine, na katika sentensi hiyohiyo nataja vinavyopungua ni vingapi.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo darasani halikuwahi kutajwa. Neno wasilolijua halina madhara, kwa sababu wataliuliza. Linalowapoteza ni lile wanalodhani wanalijua. Chukua presidente. Wahispania humwita hivyo waziri mkuu wao, na kila moja ya jimbo zao 17 zenye mamlaka ya ndani ina presidente wake, ilhali mkuu wa nchi ni mfalme. Mwaka 2003 Jeb Bush, akiwa gavana wa Florida, alikwenda Madrid akamtaja waziri mkuu José María Aznar kuwa rais wa jamhuri ya Uhispania. Kama gavana mwenye wasaidizi alijikwaa hapo, fundi bomba wangu ana kosa gani?

Au imputado. Waingereza walikuwa wakisikia kwamba mtu ameshafikishwa kizimbani. Kumbe ni mtu ambaye hakimu mpelelezi anamchunguza na amepewa haki ya kuwa na wakili. Mwaka 2015 sheria hata ilibadilisha jina akawa investigado, ila midomoni mwa watu lile la zamani halijatoka. Hili nilitatua kwa kupitia nyumbani. Kiswahili kina mshukiwa, kina mtuhumiwa, kina mshtakiwa, na kila mmoja amekaa kwenye ngazi yake. Nilijiuliza kwanza huyu ningemwitaje kwetu, nikapata mtuhumiwa, kisha ndipo nikatafuta Kiingereza cha mtuhumiwa. Lakini lugha mama nayo husaliti. Sisi tuna msamaha mmoja tu. Wahispania wana indulto, ambao humwondolea adhabu mtu aliyekwisha kuhukumiwa, kama walivyopewa viongozi tisa wa Catalonia Juni 2021, na wana amnistía, inayofuta kosa lenyewe. Kiingereza kina maneno mawili vilevile, kwa hiyo siku ile wasikilizaji wangu walielewa kuliko mimi niliyekuwa nikiwaeleza.

Tarehe 28 Desemba 2023 niliandika kwamba manispaa moja ya pwani itafunga mita ufukweni, kila mwavuli ulipiwe kivuli kwa dakika. Nililiona gazetini, na picha ya mita ilikuwepo. Siku hiyo ni ya Watakatifu Wasio na Hatia, ambayo Wahispania huitumia kwa utani kama wengine wanavyoitumia tarehe 1 Aprili, na magazeti nayo hutia habari moja ya uongo. Simu zilipigwa mpaka jioni. Kalenda ya sikukuu za nchi unayoitafsiri ibandike ukutani. Ni hayo tu.

Mwaka uliofuata hapakuwa na utani.

Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua ya dhoruba wanayoiita dana iliizamisha Valencia. Korongo la Poyo, ambalo siku nyingi za mwaka ni changarawe kavu, lilishusha maji hadi Paiporta na miji ya jirani. Katika janga lile walikufa watu zaidi ya 220. Idara ya hali ya hewa ya taifa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu tangu asubuhi. Ujumbe wa dharura ulilia kwenye simu za watu saa 2:11 usiku, Paiporta ikiwa tayari ndani ya maji. Sisi tulikuwa kusini zaidi, salama. Mmoja wa wasikilizaji wangu alikuwa na binti anayefundisha huko, na kwa siku mbili kila niliposoma jina la mji nilimwona mama yule amekaa na simu mapajani. Binti alipatikana hai, juu ghorofani kwa majirani.

Katika siku zile niliandika serikali, serikali, serikali, kana kwamba ipo moja. Waingereza wakaelewa Madrid. Lakini ulinzi wa raia katika dharura ni kazi ya serikali ya jimbo, Generalitat, iliyokuwa chini ya Carlos Mazón wa PP, huku Madrid akiwa Sánchez wa PSOE, na ugomvi wote wa nani alipaswa kufanya nini na saa ngapi ulikuwa baina ya hizo mbili. Tarehe 3 Novemba mfalme, malkia, Sánchez na Mazón walikwenda Paiporta pamoja, wakarushiwa matope. Alhamisi ile mkahawani niliulizwa mfalme amekosa nini. Nilichukua leso mbili za karatasi, moja nikaandika Madrid, nyingine Valencia, nikagawanya vijiko: jeshi huku, simu za tahadhari huku, hali ya hewa huku. Vijiko vile vilieleweka kuliko mihtasari minane.

Wiki hiyohiyo nukta ilinifedhehesha. Serikali ya taifa ilitangaza kifurushi cha kwanza cha misaada, nami nikanakili kama kilivyoandikwa Kihispania: euro 10.600 milioni. Mtangazaji, Mwingereza, akasoma milioni kumi nukta sita. Kwa mji uliozikwa kwenye tope! Mtu mmoja alipiga simu akilia kwa hasira. Nukta ya Mhispania inatenga maelfu, na ya Mwingereza inatenga desimali. Kiasi chenyewe kilikuwa bilioni 10 na milioni 600. Na usiliamini neno billón hata kidogo: kwa Mhispania ni milioni mara milioni, yaani trilioni yetu. Tangu hapo namba yoyote kubwa naiandika kwa herufi, na mtangazaji anaisoma mbele yangu kabla ya kwenda hewani.

Sasa lile nililoahidi.

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 2025 Sánchez alitoa hotuba kuhusu makazi, akataja hatua 12. Mojawapo ilikuwa kupandisha kodi ya ununuzi wa nyumba hadi asilimia 100 ya thamani yake, kwa wanunuzi wasio wakazi na wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Alisema mwaka 2023 watu wa namna hiyo walinunua nyumba 27,000. Nikaandika kwa haraka, na kwa kujiona hodari: Uhispania kuwatoza Waingereza kodi ya asilimia 100. Magazeti ya London nayo yalikuwa yakiandika yaleyale, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Mume na mke waliokuwa likizoni walipiga simu kituoni. Walikuwa wamekwisha kuishika nyumba kwa arras, neno la Kihispania ambalo ni ndugu wa arbuni yetu: mnunuzi akijitoa, fedha imepotea, muuzaji akijitoa, anarudisha mara mbili. Wao walitoa euro 9,000. Kusaini kulipangwa mwisho wa mwezi. Wakaniuliza, ni kweli? Nikajibu ni kweli, nimemsikia mwenyewe. Walijitoa siku ya tatu.

Mwisho wa mwezi ulifika na hapakuwa na sheria. Mei ndipo chama cha Sánchez kilipopeleka muswada bungeni, na kutoka muswada hadi sheria, kwa serikali isiyo na wingi, ni mbali mno. Ushahidi nilikuwa nao mbele ya macho: tarehe 22 Januari, wiki iliyofuata tu, bunge liliiangusha amri ya serikali iliyobeba nyongeza ya pensheni, tena amri iliyokwisha kuanza kutumika.

Nilikwenda kuwaona kabla hawajaondoka. Mume hakufoka, alikuwa akitazama dirishani. Mke alikuwa na kikaratasi chenye vipimo vya madirisha ya nyumba ile, vimeandikwa kwa penseli, kwa ajili ya mapazia. Alikikunja mara nne akakitia kwenye mkoba. Niliwaambia nitawalipa kidogokidogo, wakakataa. Kituo kilinishauri nisiombe radhi hewani, ati kila mtu aliandika hivyohivyo. Niliomba. Muhtasari mmoja kwa wiki ukapewa mtu mwingine.

Baada ya pale nilijiwekea ngazi, na hadi leo siruki kipandio. Amesema? Baraza la mawaziri limepitisha? Bunge limepiga kura? Imechapishwa BOE? BOE ni gazeti rasmi la serikali, linatoka kila siku isipokuwa Jumapili, kulisoma mtandaoni ni bure, na ndani yake mna tarehe ya kuanza kutumika. Zipo amri za dharura zinazoanza kazi mara zikichapishwa, lakini nazo bunge lazima lizithibitishe ndani ya siku 30, la sivyo zinaanguka kama ile ya Januari. Msikilizaji akiniuliza kama kitu ni kweli, namwambia kiko kipandio cha ngapi. Wengine hukereka. Kuhusu magazeti, nasoma El País, kisha ABC au El Mundo, habari ileile, kwa kuwa hawapendi mambo yaleyale. Lile wanalokubaliana ndilo linalotangulia kwenye muhtasari, na wanapoachana naeleza nani anasema nini.

Tarehe 28 Aprili 2025, saa 6:33 mchana, umeme ulikatika Uhispania bara yote pamoja na Ureno. Redio yetu ilinyamaza, jenereta hatuna. Nilishuka hadi uwanja mdogo mbele ya mkahawa, nikamkuta fundi bomba wangu ameketi kwenye benchi na redio ya betri aliyoinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ya mwisho rafuni, anasikiliza Kihispania asichokielewa. Aliponiona akasogea kunipisha.

Nikaanza kutafsiri papo kwa papo. Walikusanyika watu kumi, kisha thelathini, wengine na vikombe vya aiskrimu ambayo mwenye mkahawa alikuwa akiigawa kabla haijayeyuka. Kila dakika mtu alifika na yake: Warusi, wadukuzi, Ulaya nzima imezimika. Watangazaji wenyewe walikuwa wakiuliza maswali kuliko kujibu, na ulimi wangu ukiwasha kuyajaza mapengo. Nilijishika. Ilipofika usiku Sánchez akazungumza: gigawati 15 zilipotea ndani ya sekunde tano, asilimia 60 ya umeme uliokuwa ukitumika, sababu haijajulikana, hakuna dhana iliyoondolewa mezani. Nikatafsiri hayo, nikakoma.

"Kwa hiyo ni nani?" akauliza mtu wa nyuma.

"Hawajasema," nikamjibu.

"Hawajasema," fundi bomba akamrudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu mwenye cheo. Akazungusha kitufe cha redio kidogo, akanigeukia.

"Na Génova wanasemaje?"

Nikamwambia Génova nako umeme umekatika.